Kuwashwa ukeni wakati wa ujauzito: hatua za kufuata kabla ya kununua dawa

Mjamzito anapoanza kuwashwa ukeni, mara nyingi mtu wa kwanza kumweleza si nesi wa kliniki bali muuzaji wa duka la dawa, tena kwa sauti ya chini ili wateja wengine wasisikie. Husema, "Naomba dawa ya fangasi," naye hupewa vidonge vilivyofungwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi bila kuulizwa kama ana mimba, na mimba ikiwa bado changa hakuna anayeweza kuitambua kwa kumtazama. Hapo yametokea makosa mawili kwa wakati mmoja: ugonjwa umepewa jina kabla haujaangaliwa, na dawa imetolewa kwa mtu ambaye huenda haimfai. Ni kweli kwamba fangasi huwasumbua wajawazito wengi, lakini si kila muwasho ni fangasi, na baadhi ya maambukizi yanayofanana nayo yasipotibiwa huweza kumdhuru mtoto. Hatua zinazofuata zimepangwa ili mama ajue kwanza anachokiona, aache kinachomchubua, kisha apate dawa inayolingana na tatizo lake.

Hatua ya kwanza: hakikisha si jambo la dharura

Zipo dalili ambazo hazisubiri siku ya kliniki wala kupambazuka. Ukiona damu ukeni, hata kama ni kidogo na haina maumivu. Ukipata maumivu ya tumbo au kiuno yanayokuja na kuachia kabla mimba haijatimiza wiki 37. Ukiwa na homa pamoja na majimaji yenye harufu kali. Au ukikojoa kwa maumivu huku ubavu mmoja unauma na mwili unatetemeka kwa baridi, nenda kituo cha afya au hospitali mara moja. Malengelenge au vidonda vyenye maumivu makali kwenye mashavu ya uke navyo vionyeshwe siku hiyohiyo, hasa mimba inapokuwa kubwa.

Majimaji mepesi kama maji yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu wanawake wengi huyadhania kuwa mkojo au "uchafu" wa kawaida, kumbe chupa, yaani mfuko wa maji ya uzazi, imepasuka. Vaa pedi safi, kaa au tembea taratibu kwa muda kama wa nusu saa, kisha iangalie na kuinusa. Mkojo una harufu yake na hukatika; maji ya uzazi hayana harufu ya mkojo, huendelea kutoka bila kuzuilika, na mara nyingi humwagika zaidi mama anaposimama baada ya kulala. Ukiwa na shaka, chukulia kwamba ni maji ya uzazi, beba pedi hiyo ukamwonyeshe mkunga, na usiingize kitu chochote ukeni, hata dawa uliyoandikiwa wiki iliyopita. Maji ya rangi ya kijani au kahawia yanaweza kuwa ishara kwamba mtoto amejisaidia tumboni, na hapo haraka inahitajika zaidi.

Hatua ya pili: jua ute wa kawaida wa ujauzito

Kama hakuna dalili hata moja kati ya hizo, unaweza kutulia na kuangalia vizuri. Homoni ya estrojeni hupanda sana wakati wa ujauzito na damu nyingi zaidi hupita kwenye uke na mlango wa kizazi, hivyo ute huongezeka kadiri miezi inavyosonga. Ute huo huwa mweupe kama maziwa au hauna rangi, ni mwepesi, hauna harufu ya kuudhi na hauwashi. Ukikauka kwenye chupi huweza kuacha alama ya njano hafifu, na alama hiyo peke yake si ugonjwa. Karibu na siku za kujifungua unaweza kutoka ute mzito wa kuvutika wenye michirizi ya damu, ambao huashiria kwamba mlango wa kizazi umeanza kubadilika. Ukitokea kabla ya wiki ya 37, rudi kwenye hatua ya kwanza.

Ute wa kawaida hauhitaji kuondolewa wala kukaushwa. Ndani ya uke wanaishi bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayowazuia vijidudu vingine kustawi. Anayejisafisha mpaka ndani akitaka awe mkavu anawaondoa walinzi hao, na akishawaondoa huweza kupata hasa lile tatizo alilokuwa akilikimbia.

Hatua ya tatu: angalia kwa macho, kisha andika

Chukua kioo kidogo, kaa mahali penye mwanga wa kutosha na pa faragha, ujiangalie kabla ya kuoga. Tazama kama ngozi imekuwa nyekundu, imevimba, imechubuka, ina mipasuko midogo, vipele, vinyama au kidonda. Kisha angalia chupi uliyoivua. Chupi nyeupe ya pamba huonyesha rangi ya majimaji vizuri kuliko ya rangi nyeusi. Jiulize muwasho ulianza lini, kama uko ndani au nje tu, kama kuna harufu na huzidi wakati gani, kama tendo la ndoa linauma, na kama mkojo unachoma ukiwa bado ndani au pale tu unapogusa ngozi iliyochubuka. Andika majibu kwenye karatasi na uiweke pamoja na kadi ya kliniki, au kwa walio Kenya, ndani ya Kitabu cha Mama na Mtoto. Ukiwa umelala kwenye kitanda cha uchunguzi, aibu hufuta kumbukumbu, na karatasi hiyo itakusaidia.

Fangasi aina ya kandida huleta muwasho mkali, wekundu na majimaji meupe mazito yanayofanana na maziwa yaliyoganda, na kwa kawaida hayana harufu mbaya. Mkojo huchoma unapopita juu ya ngozi iliyochubuka. Mabadiliko ya homoni na kuongezeka kwa sukari ndani ya seli za uke ndiko kunakowapa fangasi hawa nafasi wakati wa ujauzito, na kwa hiyo kuwapata si dalili ya uchafu wala ya uasherati.

Bakteria wa uke wanapovurugika hali huwa tofauti. Majimaji huwa mepesi, yana rangi ya kijivu, na hutoa harufu kama ya samaki inayozidi baada ya tendo la ndoa. Muwasho huwa mdogo au haupo kabisa. Hali hii imehusishwa na kujifungua mtoto njiti, kwa hiyo isipuuzwe kwa sababu tu haiwashi. Majimaji ya njano au ya kijani yenye povu, harufu mbaya na muwasho huashiria trikomonasi, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana. Kisonono na klamidia huweza kukaa kimya kabisa au kuleta majimaji ya njano kama usaha. Kidonda kimoja kisichouma kinaweza kuwa cha kaswende, nacho ni cha hatari kwa sababu kwa vile hakiumi hakuna anayekiogopa, kisha hupona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea kumfikia mtoto.

Muwasho wa nje usioambatana na mabadiliko ya majimaji mara nyingi hutokana na ngozi yenyewe: sabuni, pedi yenye manukato, jasho, au wembe. Kukojoa mara kwa mara kidogokidogo kwa maumivu ya ndani huelekeza kwenye maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI, ambayo kwa mjamzito huweza kupanda hadi kwenye figo. Ukiwashwa zaidi usiku, tena kuzunguka sehemu ya haja kubwa, huenda ni minyoo. Na kama unawashwa viganja na nyayo bila vipele katika miezi mitatu ya mwisho, hilo si tatizo la uke. Linaweza kutokana na ini, na unapaswa kumwona daktari bila kuchelewa.

Hatua ya nne: ondoa kila kinachochubua

Hatua hii ninaomba isomwe polepole, kwa sababu tiba nyingi hushindwa si kwa ubaya wa dawa bali kwa sababu mama anaendelea kuchubua asubuhi alichokitibu usiku.

Ndimu, siki, maji ya chumvi, shabu, Dettol, dawa ya meno, kitunguu saumu, mtindi na majani ya kuchemsha havipaswi kuingizwa ukeni. Ndimu na siki huunguza ngozi ambayo tayari imechubuka. Shabu hukausha na kukaza mpaka ngozi inapasuka, na kila mpasuko ni mlango wa maambukizi, vikiwemo Virusi vya UKIMWI. Dettol si ya kuingizwa ukeni, na hata ikichanganywa na maji mengi huwaua bakteria wazuri pamoja na wabaya. Kitunguu saumu huchoma. Mtindi wa kununua una bakteria, lakini haukutengenezwa kwa ajili ya uke wala si tiba ya fangasi. Unywe, ni chakula kizuri kwa mjamzito.

Kujifukiza udi sehemu za siri na kujipulizia manukato pia kuachwe mpaka baada ya kujifungua na kupona. Ninaandika haya nikiwaheshimu makungwi na bibi zetu waliotufundisha usafi wa mwili na unadhifu wa nguo, mafunzo ambayo bado yanatufaa. Lakini ngozi ya mjamzito imejaa damu na huvimba kwa urahisi, na desturi ambayo haikumdhuru mtu kabla ya mimba inaweza kumchubua akiwa nayo.

Usafi unaotosha ni huu: osha nje tu kwa maji safi, mara moja au mbili kwa siku, ukitoka mbele kwenda nyuma. Anayejitawaza kila baada ya haja ndogo aendelee, mradi kidole kisiingie ndani na maji yasiwe na sabuni wala manukato. Kisha ajikaushe kwa kitambaa laini kwa kugusagusa bila kusugua. Kama ni lazima kutumia sabuni, iwe isiyo na harufu, na iishie kwenye ngozi ya nje.

Nguo nazo zina sehemu yake. Katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, chupi ya nailoni chini ya suruali ya kubana hutunza jasho mchana kutwa. Vaa chupi ya pamba inayokutosha, uibadilishe ikilowa, na usiku lala na kanga au dera bila chupi. Chupi zifuliwe kwa sabuni isiyo kali, zisuuzwe mpaka povu liishe, zianikwe juani badala ya kukaushiwa bafuni. Pedi nyembamba za kila siku zenye manukato ziache. Kama ute unakusumbua kazini, beba chupi ya akiba kwenye mfuko. Kunyoa kwa wembe kusubiri mpaka muwasho uishe, na nywele zikikukera zipunguze kwa mkasi. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, ukikiweka nje kwa dakika chache, hupunguza muwasho vizuri kuliko kujikuna. Mafuta mazito yasiyo na harufu huweza kupakwa nje kuilinda ngozi isiumizwe na mkojo.

Hatua ya tano: nenda kliniki na useme wazi

Kama muwasho wa nje umeisha baada ya siku chache za kuacha vichubuzi, na majimaji ni ya kawaida, hakuna dawa inayohitajika. Kama haujaisha, au majimaji yamebadilika rangi, uzito au harufu, nenda kliniki hata kama tarehe yako bado haijafika. Usijisafishe ndani kabla ya kwenda na usiweke dawa usiku uliotangulia, ili mhudumu aone hali ilivyo.

Mwambie mhudumu, "Nina mimba ya wiki kadhaa, ninawashwa tangu siku fulani, na majimaji yanayotoka yako hivi." Neno fangasi usianze nalo wewe. Katika zahanati nyingi zisizo na maabara, mhudumu hutibu kwa kufuata dalili anazoelezwa, na ukimpa jina la ugonjwa badala ya dalili unaweza kumpotosha. Penye maabara, atachukua majimaji kidogo kwa kijiti chenye pamba na kuyapeleka kwenye hadubini, na mkojo utapimwa. Anaweza kutumia kifaa cha kufungulia uke ili aone mlango wa kizazi. Uchunguzi huo hukera kidogo lakini haumdhuru mtoto. Una haki ya kuomba pazia lifungwe, na kuomba uchunguzwe na mhudumu wa kike kama yupo. Kama hujapimwa kaswende na Virusi vya UKIMWI katika mimba hii, omba upimwe siku hiyo.

Hatua ya sita: tumia dawa inayofaa, kwa namna inayofaa

Kwa fangasi wakati wa ujauzito, dawa inayotumika zaidi ni klotrimazoli ya kuweka ukeni, kwa kawaida kila usiku kwa usiku 6 au 7, pamoja na krimu ya kupaka nje kama ngozi imechubuka. Vidonge vya kumeza vya flukonazoli huepukwa na wajawazito, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Doksisaiklini, ambayo ni antibayotiki, nayo huepukwa. Ndiyo maana paketi za mchanganyiko, ambazo huweza kuwa na dawa kama hizo, zinazouzwa kama "dawa ya uchafu" zisinunuliwe bila mhudumu kujua kwamba una mimba. Kama ulishameza kidonge cha flukonazoli kabla hujajua kuwa ni mjamzito, usijilaumu wala usifanye uamuzi wowote kwa hofu. Mweleze mhudumu wa kliniki umemeza kiasi gani na lini. Kwa trikomonasi na kuvurugika kwa bakteria, mjamzito huandikiwa metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl. Humezwa kwa siku zote zilizoandikwa, bila pombe.

Kuweka kidonge ukeni hakuna ugumu, ila kunahitaji utulivu. Subiri mpaka uwe tayari kulala kabisa, kwa sababu ukitembea dawa itatoka. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni na ukaushe, fungua kidonge bila kukishika kwa muda mrefu. Lala chali ukiwa umekunja magoti na kuyapanua. Tumbo likiwa kubwa, lala ubavu wa kushoto huku umekunja goti la juu. Wajawazito wengi hushauriwa kutumia kidole badala ya kijiti cha plastiki kilicho kwenye paketi, ili wasijiumize. Ingiza kidonge kwa kidole cha kati, ukielekeza upande wa mgongo wala si juu moja kwa moja, mpaka kidole kiishie bila maumivu; ukihisi maumivu simama hapo, dawa itayeyuka yenyewe. Nawa mikono tena, tandika kitambaa safi au vaa pedi isiyo na manukato, ulale.

Asubuhi utaona unga mweupe kwenye chupi. Hayo ni mabaki ya dawa, si fangasi wamerudi, na hayahitaji kuoshwa kwa ndani. Muwasho mara nyingi huanza kupungua ndani ya siku mbili au tatu, na hapo ndipo wengi huacha dawa na kubakiza vidonge vya "siku nyingine". Maliza dozi yote. Dawa ikikuchoma sana au ikikuletea vipele, iache na urudi kituoni. Na kama dozi imeisha na hali haijabadilika, usirudie dawa ileile kwa kujinunulia, kwa sababu huenda tatizo si fangasi.

Hatua ya saba: mshirikishe mwenza kulingana na ugonjwa

Mume hahitaji kutibiwa fangasi kama haoni vipele wala muwasho. Lakini trikomonasi, kisonono, klamidia na kaswende hutibiwa kwa wote wawili, hata kama yeye anajiona mzima, na tendo la ndoa lisitishwe mpaka wote wamemaliza dawa na mhudumu amewaruhusu. Kama unaogopa kumweleza, mwombe mhudumu aandike wito wa mwenza au mwende pamoja kliniki naye amweleze mbele yako. Trikomonasi inaweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili, kwa hiyo kuikuta leo hakuthibitishi kwamba mmoja wenu ametoka nje wakati wa mimba hii. Ni vizuri neno hilo lisemwe na mhudumu kabla ugomvi haujaanza nyumbani. Mnaotumia kondomu mjue kwamba klotrimazoli ya ukeni huweza kudhoofisha mpira wake.

Hatua ya nane: ikirudi, tafuta sababu

Fangasi wakirudi mara kwa mara, omba upimwe sukari, kwa kuwa kisukari cha mimba huwapa fangasi nafasi. Kipimo chake kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, lakini mwenye dalili anaweza kupimwa mapema. Mweleze mhudumu kama umemeza antibayotiki hivi karibuni, kwa sababu nazo huua bakteria walinzi. Kipimo cha Virusi vya UKIMWI kirudiwe kama mhudumu atakavyoelekeza, hata kama cha mwanzo kilikuwa salama.

Siku ya uchungu ikifika, mwambie mkunga kuhusu maambukizi yoyote uliyotibiwa na yale ambayo dozi yake haijaisha. Fangasi hawazuii kujifungua kwa njia ya kawaida. Malengelenge ya hepesi yaliyopo siku hiyo yanaweza kuhitaji upasuaji, ndiyo maana mkunga anapaswa kuyajua mapema. Mtoto akizaliwa atawekewa dawa ya macho kumkinga na maambukizi ya kisonono na klamidia, na usikatae hata kama vipimo vyako vilikuwa safi. Katika wiki za mwanzo mwangalie kinywani: utando mweupe kwenye ulimi na mashavu ya ndani usiofutika kama maziwa ni fangasi, na unapompeleka kliniki, waonyeshe pia chuchu zako kama zinauma au zinawasha, ili mtibiwe pamoja.